Kozi fupi za vyuo vikuu kuhusu sheria na utawala wa watu wa asili: wengi wanalipia kozi ambayo siyo

#1 Mwanamila
Habari wakuu.

Kila ikikaribia mwisho wa mwaka maswali ni yaleyale: kuna kozi ya siku tatu Tucson kule Marekani, kuna ya wiki moja Pretoria, kuna ya wiki mbili Kanada, mtu anajiandikishaje? Mimi nadai hivi: kinachoharibu si ada wala viza. Watu wanasoma jina la kozi, hawasomi mtaala, na wanaingia darasa lisilo lao.

Kanada wana majina mawili yanayokaribiana mno, "Aboriginal law" na "Indigenous law". La kwanza ni sheria ya dola kuhusu watu wa asili: kifungu cha 35 cha Katiba ya 1982, hukumu ya Calder ya 1973, Sparrow 1990, Delgamuukw 1997, Tsilhqot'in 2014. Msemaji wa mwisho hapo ni Mahakama ya Juu kule Ottawa. La pili ni sheria za watu wenyewe: Wacree, Waanishinaabe, Wagitxsan na wengineo. Sheria hizo zilikuwapo kabla ya dola hiyo, na zinakaa kwenye hadithi, nyimbo, karamu, majina ya mahali na namna watu wanavyohesabiana undugu.

Aliyetaka la pili akaingia la kwanza atashinda siku tano juu ya hukumu za majaji. Aliyetaka la kwanza akaingia la pili atapewa hadithi ya mwindaji na mnyama, aambiwe atafute humo wajibu wa kisheria, na atahisi kapunjwa. Wote wawili walilipa kwa hiari yao.

Ombeni mtaala kabla ya kulipa. Mkiona orodha ya kusoma imejaa majina ya kesi, mjue mko upande wa dola. Mkiona majina ya wazee, ardhi na hadithi, mko upande wa pili. Nakaribisha masahihisho.

#2 BintiLindi
Shukrani mkuu. Cheti cha siku tatu, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wanakitambua?

#3 Krediti_Kamili
BintiLindi, TCU wanashughulika na tuzo kamili: stashahada, shahada na kadhalika. Cheti cha kuhudhuria si tuzo, hivyo hakuna cha kutambua. Kinachobebeka ni krediti, na hapo fomu nyingi zina njia tatu ambazo watu wanazipita bila kuziangalia: kuhudhuria tu, elimu endelevu yenye cheti cha chuo, na krediti za uzamili. Mnakaa chumba kimoja na mwalimu mmoja, lakini ada na kazi ni tofauti kabisa.

Pigeni hesabu. Krediti 1 ya Marekani ni takriban saa 45 za kazi: 15 darasani, 30 nje ya darasa. Krediti 1 ya TCU ni saa 10. Kozi ya krediti 3 za Marekani basi ni saa 135. Siku tatu za saa saba ni saa 21. Saa 114 zilizobaki ziko kwenye usomaji kabla hujapanda ndege na kwenye insha baada ya kurudi. Hapo ndipo watu wanapozama. Wanamaliza siku tatu, wanapiga picha, wanarudi nyumbani, insha haiandikwi. Alama inabaki "haijakamilika", na muda ukipita hugeuka kuwa kufeli kwenye rekodi ya chuo.

Kama huhitaji krediti, usichukue njia ya krediti. Sikiliza, jifunze, rudi na daftari lako.

#4 Ole_Kitumbeine
Mwanamila, tofauti umeieleza vizuri, ila sababu naona siyo hiyo. Watu hawachanganyi kwa sababu majina ya Kiingereza yanafanana. Wanachanganya kwa sababu sisi huku yote mawili tunayaita "sheria za kimila", na kwetu sheria za kimila ni kitu cha tatu kabisa.

Tanzania mtu akisema sheria ya kimila mbele ya hakimu, mara nyingi anamaanisha Matamko ya 1963, Matangazo ya Serikali namba 279 na 436. Serikali ilikusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, ikazilinganisha, ikaziandika, ikazitangaza. Tangu siku hiyo mila ile ni maandishi. Ukoo ukibadilisha utaratibu wake wa urithi leo, karatasi ya 1963 haijui. Kenya nako mwanasheria Eugene Cotran alikusanya zake mwishoni mwa miaka ya 1960, sheria ya ndoa na ya urithi, kabila kwa kabila.

Mtu aliyelelewa na dhana hiyo anaenda Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, akitegemea kupewa kitabu cha kanuni za Wacree. Kitabu hakipo, wala hawakitaki. Wanamfundisha namna ya kufikiri ndani ya sheria hiyo, yeye anasubiri orodha ya vifungu.

#5 Mwanamila
Ole_Kitumbeine, hilo la 1963 nalikubali, na lina uzito. Lakini Mkenya aliyesoma sheria na hajawahi kugusa matamko hayo anakosea vilevile. Bado nashikilia majina.

#6 Wakili_Mtaa_wa_Pili
Nyote mmesahau aina ya tatu. Kozi za Tucson, Chuo Kikuu cha Arizona, zile za Januari, si "Aboriginal law" wala "Indigenous law" kwa maana ya Mwanamila. Zimejikita kwenye utawala: namna taifa la watu wa asili linavyojijengea katiba, mahakama, uraia, bajeti, ukusanyaji wa takwimu zake. Zina mizizi kwenye kituo chao cha Native Nations Institute kilichoanzishwa 2001, na nyuma yake kuna utafiti wa wasomi wawili, Stephen Cornell na Joseph Kalt, ulioanza Harvard 1987. Swali lao lilikuwa: kwa nini mataifa mawili yenye umaskini uleule na sheria ileile ya serikali kuu, moja linainuka na jingine halisogei?

Jibu lao mashuhuri ni kwamba muundo wa utawala lazima ufanane na mila ya madaraka ya watu husika. Sheria ya Marekani ya 1934 iliwaletea wengi katiba za kunakili. Waapache wa White Mountain walikuwa na desturi ya kiongozi mmoja mwenye nguvu, katiba ile ikawakaa. Walakota wa Pine Ridge walizoea madaraka yaliyotawanyika kwenye koo, katiba ileile ikawapa mgogoro usiokwisha.

Mwenye shughuli za halmashauri ya kijiji, kamati ya ardhi au bodi ya hifadhi ya jamii ananufaika zaidi na hizi kuliko na kozi za hadithi. Anayetaka kuendesha kesi aende kwenye kozi za hukumu.

#7 NyotaYaMashariki
Tucson nzuri, ila viza? Kuna aliyesema hapa zamani kwamba siku tatu unaenda na ya utalii.

#8 Afisa_Makaratasi
Hapana, tusipotoshane. Viza ya mgeni ya Marekani hairuhusu masomo yenye krediti. Wanachoruhusu ni kozi fupi ya kujiburudisha isiyo na krediti, na mfano wanaoutoa wenyewe ni darasa la mapishi la siku mbili ukiwa likizoni. Kozi ya utawala si mapishi. Ukitaka krediti ni F-1, viza ya mwanafunzi: chuo kikupe fomu I-20 ya kukupokea, ulipe ada ya SEVIS (mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni) dola 350, kisha ada ya viza dola 185, kisha usaili. Ukipata, unaruhusiwa kuingia hadi siku 30 kabla ya kozi kuanza.

#9 Wakili_Mtaa_wa_Pili
Afisa, kwa njia ya krediti uko sahihi. Asiyetaka krediti ana mlango wa B-1, viza ya mgeni wa shughuli za kikazi, unaoruhusu kuhudhuria semina, mkutano au kongamano la kitaaluma. Kozi ya siku tatu isiyo na krediti, isiyo na mtihani, kwa mtu ambaye kazi yake ni hiyohiyo nyumbani, ni semina. Barua ya chuo iseme waziwazi: haina krediti, ni siku tatu, inaanza tarehe fulani, inaisha tarehe fulani.

#10 Afisa_Makaratasi
Na ile kanuni ya saa 18 kwa wiki? Masomo chini ya saa 18 yanavumilika kwa mgeni, ukizidi wanataka viza ya mwanafunzi. Siku tatu za saa saba ni 21. Umeshazidi.

#11 Wakili_Mtaa_wa_Pili
Saa 18 ni kipimo cha masomo. Semina haipimwi kwa saa. Makongamano ya mawakili yana saa 30 kwa wiki na hakuna anayeombwa I-20.

#12 Krediti_Kamili
Na mimi nasoma kwa njia ya tatu: kinachoamua ni kile ofisa wa usaili anachokiona kwenye barua. Neno "kozi" likiandikwa mara nne na "semina" halipo, umejiweka kwenye masomo hata kama kwako ni semina. Tatizo jingine ni kwamba chuo hakiwezi kutoa I-20 kwa kila kozi ya siku tatu, kwa hiyo kuna watu wanabaki katikati: kwa F-1 hawana fomu, kwa B-1 barua yao haina neno "semina". Wao waende mtandaoni au waende Kanada.

#13 NyotaYaMashariki
Watatu, majibu matatu! Shukrani lakini, naona nianze na barua ya chuo.

#14 Mama_Toronto
Kanada hili limenyooka zaidi. Kozi au programu ya miezi 6 au pungufu haihitaji kibali cha masomo, ili mradi uimalize ndani ya muda uliopewa mpakani. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mkongomani wanahitaji viza ya mgeni: dola 100 za Kanada, na alama za vidole dola 85.

Ila kuna mtego. Kama kozi yako ya wiki mbili ni sehemu ya programu ndefu, tuseme diploma ya mwaka, kinachohesabiwa ni urefu wa programu nzima. Hapo kibali kinahitajika hata kama unakwenda kwa wiki mbili tu. Barua ya chuo iseme kwamba kozi inajitegemea.

Kwa vijana wetu wanaosoma sheria tayari huku Kanada: zile kambi za ardhini, kama ile ya sheria za Waanishinaabe ambayo Osgoode, shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha York, huipeleka kwenye ardhi yao ya Neyaashiinigmiing, hazifunguliwi kwa mtu wa nje kirahisi. Nyingi ni za wanafunzi wa chuo husika. Ukitoka chuo kingine unahitaji barua ya ruhusa kutoka chuo chako kabla ya kujiandikisha, ikitaja kozi, krediti na alama ya chini itakayokubaliwa. Ukiomba baada ya kumaliza, chuo chako kina haki ya kukataa kuzihesabu.

Na shahada ya Victoria ya JD na JID (sheria ya dola na sheria za watu wa asili kwa pamoja), iliyoanza 2018, ni ya miaka minne. Kuna watu wanaituma kwenye makundi ya simu kama "kozi fupi".

#15 Kijana_Loliondo
Swali lingine. Fomu ya Kanada ina kisanduku "Je, wewe ni mtu wa asili?" Mmaasai anaweka tiki au haweki? Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inatutambua. Na ada kwa watu wa asili wakati mwingine ni nafuu.

#16 Mama_Toronto
Usiweke, mdogo wangu. Soma maneno chini ya kisanduku. Wanataja First Nations, Inuit na Métis. Hao ndio waliotajwa kwenye kifungu cha 35(2). Ni swali la nani ana haki ndani ya katiba ya Kanada, halikuulizi kama kwenu mna asili. Siku hizi vyuo vinadai ushahidi: kadi, uraia wa taifa, barua ya jamii. Wapo walioweka tiki bila haki na wakaondolewa hata kwenye kazi za ualimu. Kwako itaonekana tamko la uongo, na hilo linakufuata hadi uhamiaji.

Programu nyingine zimejengwa kwa ajili yao peke yao. Ile ya kiangazi ya Saskatchewan, iliyoanza 1973, iliwekwa kuwaandaa vijana wa asili wa Kanada kuingia shule za sheria. Tuwaachie nafasi zao.

#17 Mwanamila
Nyongeza kwa Mama_Toronto: mpaka huo si mgumu kama ulivyoandikwa. Hukumu ya Desautel ya 2021 ilisema mtu wa asili wa Kanada anaweza kuwa raia na mkazi wa Marekani, kwa sababu Wasinixt walikuwa pande zote mbili kabla ya mpaka kuchorwa. Wamaasai wa Kajiado na wa Longido mtaelewa mara moja.

Lakini hilo halimfanyi Mmaasai awe Msinixt. Usiweke tiki. Tumia sehemu ya maelezo binafsi: andika kwamba wewe ni wa jamii inayojitambulisha hivyo, na taja ripoti ya Tume ya Afrika ya 2003 yenye vigezo vyake: kujitambulisha wenyewe, uhusiano wa pekee na ardhi, kutengwa. Kamati za ufadhili zinasoma hapo.

#18 Mzalendo_Halisi
Kwangu Waafrika wote ni watu wa asili. Ndiyo maana Tanzania haikulipigia kura lile Azimio la UN la 2007 la haki za watu wa asili.

#19 Ole_Kitumbeine
Mzalendo, rekebisha hapo. Tarehe 13 Septemba 2007 Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Waliokaa bila upande walikuwa 11, wakiwemo Kenya na Burundi. Uganda na Rwanda hawakuwepo ukumbini. Waliounga mkono 144, waliopinga wanne: Kanada, Marekani, Australia na New Zealand, yaani hao hao ambao leo tunafuata kozi kwao.

Hoja yako ya Waafrika wote naijua na ni ya zamani. Ripoti ya 2003 haikusema wengine si wenyeji wa Afrika. Ilisema kuna jamii ambazo maisha yao yenyewe, ufugaji wa kuhama au uwindaji na urinaji asali, yamefanywa yaonekane ni kosa.

#20 Mzalendo_Halisi
Nimesahihishwa kuhusu kura, asante. Kuhusu hoja, bado sijahama. Na neno lenyewe "watu wa asili" linanisumbua. Kenya wanasema "jamii za kiasili", wengine "wazawa", na uzawa kwetu una siasa zake tofauti kabisa.

#21 Kivu_Yetu
Jambo kwenu. Huku Kongo tunayo sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inalinda Wambilikimo, na inawataja kama watu wa asili waziwazi. Tunahitaji wanaoweza kuifundisha kijijini. Je, kuna kozi za Kifaransa?

#22 Krediti_Kamili
Kivu_Yetu, tazama programu ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya UN, Geneva. Si chuo kikuu, ni ufadhili wa wiki kadhaa kwa watu wa asili wenyewe, na huwa na kundi la Kifaransa. Wanalipa tiketi, malazi na posho. Mwombaji awe mtu wa asili mwenyewe, na barua ya shirika au jamii yake ndiyo yenye uzito. Watu wanashindwa kwa barua za jumla zinazosema "ni mtu mwema na mchapakazi". Barua iseme: akirudi atafundisha nani, wapi, lini, kwa lugha gani.

#23 Mwalimu_wa_Fasihi
Nimesoma uzi wote, naomba niingie kwenye jambo ambalo #1 alilitaja na kulipita, la hadithi. Ndilo linalowashinda wengi wetu darasani, na kwa bahati mbaya ni kwa sababu ya shule tulizosoma.

Kitengo cha utafiti wa sheria za watu wa asili cha Victoria, kilichojengwa na Val Napoleon, kina njia yake. Kwanza unaandika swali moja halisi la jamii. Mfano: mtu akisababisha madhara na anaweza kuyarudia, watu wake wanawajibika kufanya nini? Swali linatangulia, hadithi zinafuata. Kisha unakusanya hadithi kadhaa za watu hao hao, si moja. Kila hadithi unaiandika muhtasari kama wa kesi, wenye sehemu tano: tatizo, mambo yaliyotokea, uamuzi uliochukuliwa, sababu ya uamuzi huo (imesemwa au inasomeka katikati ya maneno), na mwisho kile unachokiweka pembeni kwa sasa kwa sababu hakihusu swali lako au hukielewi. Baadaye unaziweka hadithi zote pamoja na kupanga: nani ana mamlaka ya kuamua, utaratibu gani, hatua gani zinaruhusiwa, wajibu upi, haki zipi. Halafu unarudi kwa wazee wa jamii wakukosoe.

Sisi shuleni tulifundishwa kwamba kila hadithi ina funzo. Sungura alimdanganya fisi, funzo: tusiwe walafi. Ukiandika hivyo huko, umekosa kazi yote. Hawataki funzo. Wanataka uamuzi na sababu. Fisi alipokamatwa, nani aliitwa? Alipewa nafasi ya kujieleza? Adhabu ilitoka kwa nani, na kwa nini ilikuwa hiyo na siyo kifo? Sungura alikuwa na wajibu wa kuwaonya wengine? Jaribuni na hadithi mnazozijua kabla hamjaenda. Chukueni mbili, tatu za kwenu, ziandikeni kwa sehemu tano, mtafika mmeshapata mkono.

Kosa la pili ni sehemu ya tano. Watu wanaiacha tupu, wanaona aibu kukiri hawakuelewa. Ndiyo inayozuia usimpachike mtu maana isiyo yake, kwa hiyo ijazeni.

#24 Kijana_Loliondo
Hii #23 nimeihifadhi. Hadithi hizo zinafundishwa msimu wowote?

#25 Mwalimu_wa_Fasihi
La. Kwa Waanishinaabe hadithi takatifu za kale husimuliwa theluji ikiwa chini. Ukienda Julai hutazisikia, na usizilazimishe. Kozi ya kiangazi itakuwa na mambo mengine: mimea, maji, kutembea kwenye ardhi. Sisi nasi tuliambiwa tusitegeane vitendawili mchana.

Na kwa mzee huendi mikono mitupu. Kwa Wacree na Waanishinaabe ni tumbaku, unampa kabla ya kuuliza, si baada ya kujibiwa. Usiibebe kama kanuni ya Kanada nzima: pwani ya Pasifiki desturi ni nyingine, muulize mratibu. Kurekodi kwa simu bila ruhusa kunaweza kukuondoa darasani siku hiyo hiyo.

#26 Ole_Kitumbeine
Mkono mtupu haulambwi. Safi sana mwalimu.

Mimi naongeza cha kubeba kutoka huku, maana darasani kila mtu huombwa mfano wa kwao. Bebeni hukumu ya Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, ya Mahakama ya Afrika, Arusha, ya 26 Mei 2017, na ile ya fidia ya 23 Juni 2022: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu ya moyo, pamoja na amri ya kuwapimia na kuwapa hati ya ardhi yao. Bebeni na ya Waendorois wa Ziwa Bogoria, ya Tume, iliyokubaliwa na Umoja wa Afrika 2010. Watanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 na nakala ya hati ya hakimiliki ya kimila ikiwezekana. Wakanada wengi wanashangaa kuona mila ina hati.

Hapo ndipo swali la Mwanamila linaporudi kwa ukali wake: Waogiek walishinda kwa sheria ya nani, yao au ya Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu?

#27 Wakili_Mtaa_wa_Pili
Ya Mkataba. Mila zao zililetwa kama ushahidi wa mambo yaliyotokea.

#28 Mwanamila
Sikubali kabisa. New Zealand mwaka 2022, kesi ya Ellis, Mahakama ya Juu ilisema tikanga ya Wamaori, yaani mila na taratibu zao, ni sehemu ya sheria ya nchi inayotokana na hukumu (common law), na ikaisikiliza kama sheria. Mambo yanatembea.

#29 Pesa_Kwanza
Samahani kuwarudisha duniani. Ada. Ukituma kwa benki, chagua gharama zote zibebwe na mtumaji. Ukichagua kugawana, benki ya katikati inakata dola 15 hadi 30 njiani, chuo kinapokea pungufu, mfumo unaona deni, na usajili unasimama kimya bila barua pepe yoyote. Weka namba ya mwombaji kwenye sehemu ya maelezo ya malipo. Jina liwe kama la pasipoti, herufi kwa herufi. Akina Mohamed na Mohammed mnanielewa.

Lipa baada ya kuuliza masharti ya kurudishiwa viza ikikataliwa. Kama hayapo kwa maandishi, chukulia kwamba pesa hairudi.

Na mwisho wa maombi: Tucson ni saa 10 nyuma yetu mwaka mzima, Arizona hawabadilishi saa. "Saa kumi na moja jioni" yao ni saa tisa usiku yetu, siku inayofuata. Victoria majira ya joto nayo ni saa 10 nyuma.

#30 BintiLindi
Kwa hiyo darasa la mtandaoni la saa tatu asubuhi Victoria, Julai, kwetu ni saa moja usiku?

#31 Pesa_Kwanza
Ndiyo. Na likiwa la siku nzima, hadi saa kumi na moja jioni yao, unatoka saa tisa usiku. Kwa siku tano mfululizo, omba ruhusa kazini. Kozi hizi zinadai mahudhurio kamili, na nusu siku katika siku tatu ni moja ya sita ya kozi. Kwa wanaosafiri, fikeni siku mbili kabla.

#32 NyotaYaMashariki
Ya kuanzia bure ipo?

#33 Krediti_Kamili
"Indigenous Canada" ya Chuo Kikuu cha Alberta, iko Coursera, masomo 12. Kusikiliza ni bure, cheti unalipia. Ni historia na siasa zaidi kuliko sheria, lakini inakupa majina na mikataba. Ukiingia kozi ya wiki moja bila huo msingi, siku mbili za kwanza zinapotea kwenye "nani ni nani".

#34 Afisa_Makaratasi
Na jamani, Pretoria tumeitaja kwenye #1 tukaiacha. Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria huwa na kozi ya wiki moja kuhusu haki za watu wa asili Afrika. Kwa uainishaji wa Mwanamila hiyo ni sheria kuhusu watu wa asili, si sheria zao wenyewe: Mkataba wa Afrika, Tume, Waendorois, Waogiek. Kwa mtu wa Loliondo au Mau ndiyo ya karibu zaidi na maisha yake. Mkenya na Mtanzania wanaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90, Mkenya tangu Januari 2023. Wengine waanze na ubalozi mapema.

Kinachorudisha watu uwanjani ni kadi ya homa ya manjano. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ya juzi haisaidii. Kadi ya zamani msiitupe: tangu Julai 2016 ni ya maisha, hata kama imeandikwa miaka kumi.

#35 Kijana_Loliondo
Asanteni wakuu. Afisa, kadi yangu jina la tatu halipo kama lilivyo kwenye pasipoti. Inapita?

#36 Afisa_Makaratasi
Rudi ulikochanjwa na pasipoti mkononi, waandike kadi mpya kwa namba ileile ya chanjo na tarehe ileile. Usijaze mwenyewe kwa kalamu.